Mwongozo kamili wa kuendesha manowari katika Diplomacy

Katika Diplomacy, mchezo wa ubao wa vita na mapatano, manowari nyingi hazipotei kwa kuzidiwa nguvu. Zinapotea kwa kukaa mahali pasipofaa. Moja iko katikati ya maji wakati vituo, yaani majimbo maalumu yanayokupa haki ya kuwa na kete, vinahesabiwa, nyingine imeingia upande wa pwani usio na njia ya kutokea, ya tatu inaunga mkono jimbo ambalo yenyewe haiwezi kulifikia, na amri yake inakuwa bure. Mwongozo huu ni wa kuziendesha ili kila mwaka zikuletee kitu. Msingi wake ni mmoja: bahari yenyewe haina kituo hata kimoja. Unaishika kwa ajili ya pwani zinazoizunguka. Basi kila unapoandika amri ya manowari, anza na pwani unayoitaka mwisho wa mwaka, ndipo urudi nyuma kutafuta maji ya kupitia.

Kwa asiyeujua mchezo: Diplomacy ulibuniwa na Mmarekani Allan B. Calhamer mwaka 1954 na kuanza kuuzwa 1959. Wachezaji saba wanashika dola saba za Ulaya ya 1901: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria, Urusi na Uturuki. Hakuna dadu, kama ilivyo katika bao. Mnazungumza, mnakubaliana au kudanganyana, kisha kila mtu anaandika amri zake kwa siri na zote zinafunguliwa kwa pamoja. Anayefikisha vituo 18 kati ya 34 ameshinda.

Ujue una nini mkononi

Ramani ina majimbo 56 ya nchi kavu na bahari 19. Kila jimbo au bahari inachukua kete moja tu. Kete ni za aina mbili: jeshi, linalotembea nchi kavu, na manowari, inayotembea baharini na katika majimbo yenye pwani. Zote zina nguvu ya 1. Manowari ya Uingereza haizidi ya Austria kwa lolote.

Mchezo unaanza na kete 22, na kati ya hizo manowari ni tisa tu. Uingereza ina mbili, London na Edinburgh. Urusi nayo ina mbili, lakini bara zima limezitenganisha: moja iko Sevastopol kwenye Bahari Nyeusi, nyingine St Petersburg upande wa kusini. Wengine wana moja moja: Ufaransa Brest, Ujerumani Kiel, Italia Napoli, Austria Trieste, Uturuki Ankara.

Sasa angalia vituo. Vilivyo mbali na maji, ambavyo manowari haitavigusa kamwe, ni saba: Paris, Munich, Vienna, Budapest, Warsaw, Moscow na Serbia. Vilivyobaki 27 vyote vina pwani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema manowari ni za Uingereza pekee. Hata Austria, dola ya bara kuliko zote, hupata Ugiriki kwa urahisi zaidi kupitia manowari yake moja ya Trieste.

Amri nne, na jinsi nguvu zinavyohesabiwa

Kila zamu manowari inapewa amri moja kati ya nne: kukaa, kwenda, kuunga mkono kete nyingine, au kuvusha jeshi. Kwenye tovuti za Kiingereza utaona herufi F kwa manowari na A kwa jeshi. Amri isiyowezekana inafutwa, na kete inakaa ilipo.

Anayekwenda peke yake ana nguvu 1. Kila anayemuunga mkono anaongeza 1. Wawili wakilenga mahali pamoja kwa nguvu sawa wanagongana, na hakuna anayeingia. Ukimzidi aliyekaa mahali, anang'olewa na inabidi akimbie. Ukilingana naye, anabaki. Hayo yanatosha kuanzia, na mengine tutayakuta njiani.

Hatua ya kwanza: fuata ufuo kwa kidole

Kanuni inayowaponyoka wengi ni hii: manowari inakwenda hatua moja, na ikiwa inatoka jimbo la pwani kwenda jimbo jingine la pwani, lazima ipite ufuo mmoja usiokatika. Majimbo kupakana kwenye ramani hakutoshi. Roma na Venice yanapakana, na jeshi linavuka bila shida. Lakini Roma inatazama Bahari ya Tyrrhenian na Venice inatazama Adriatic, kwa hiyo manowari iliyo Roma haiwezi kwenda Venice moja kwa moja. Itabidi ipite Napoli, kisha Apulia, ndipo ifike: hatua tatu, mwaka mmoja na nusu.

Weka kidole kwenye ufuo wa jimbo ulilopo, ukisogeze ukiwa umegusa maji wakati wote. Kidole kikilazimika kupanda nchi kavu, njia hiyo si ya manowari. Jaribu kwa Ankara na Smyrna. Yanapakana, lakini Ankara iko Bahari Nyeusi na Smyrna iko Aegean. Manowari ya Uturuki lazima ipite Konstantinopoli. Vivyo hivyo Edinburgh na Liverpool, Finland na Norway, Armenia na Syria. London na Wales, kwa upande mwingine, zinaunganishwa na ufuo wa Mfereji wa Uingereza, na manowari inapita.

Kuna majimbo manne yanayofanya kazi ya mlango. Kiel ina mfereji, uliofunguliwa kweli mwaka 1895, kwa hiyo manowari inaingia kutoka Ghuba ya Helgoland na zamu inayofuata inatoka upande wa Baltiki. Konstantinopoli inaunganisha Bahari Nyeusi na Aegean, na hakuna njia nyingine kati ya bahari hizo mbili. Denmark na Sweden ndizo zinazounganisha Baltiki na Skagerrak, maana Skagerrak haigusani na Baltiki kwenye ubao huu. Anayeshika mlango anaamua nani apite. Gibraltar, ambayo mtu angetegemea iwe mlango mkubwa kuliko yote, haina jimbo lake: Atlantiki ya Kati inagusana moja kwa moja na Mediterania ya Magharibi.

Hatua ya pili: majimbo matatu yenye pwani mbili

Hispania, Bulgaria na St Petersburg yana pwani mbili zisizoungana. Manowari ikiingia upande mmoja, inaishi upande huo. Jimbo ni moja na linachukua kete moja tu, lakini manowari inaona maji ya upande wake peke yake.

Hispania ya kaskazini inafika Gascony, Ureno na Atlantiki ya Kati. Hispania ya kusini inafika Ureno, Atlantiki ya Kati, Mediterania ya Magharibi, Ghuba ya Lyon na Marseilles. Ukitoka Atlantiki ya Kati unaweza kuingia upande wowote, na usipoutaja amri yako ina kasoro. Isipokuwa una sababu maalumu ya kulinda Gascony, ingia kusini. Una milango mitano badala ya mitatu, na tutakapofika kwenye kukimbia utaona thamani yake.

Bulgaria ya mashariki inatazama Bahari Nyeusi, ikigusana na Romania na Konstantinopoli. Ya kusini inatazama Aegean, ikigusana na Ugiriki na Konstantinopoli.

St Petersburg ndiyo nzito zaidi, kwa sababu ni kituo cha nyumbani cha Urusi, yaani alichoanza nacho mchezo, na manowari mpya zinaweza kujengwa hapo. Ukijenga kaskazini unaelekea Bahari ya Barents na Norway, yaani unamtazama Uingereza. Ukijenga kusini unaelekea Ghuba ya Bothnia, Finland na Livonia, yaani Sweden na Ujerumani. Kuhamisha manowari kutoka pwani ya kusini hadi ya kaskazini ni safari ya Bothnia, Sweden, Norway, kisha St Petersburg kaskazini. Hatua nne, miaka miwili kamili, na hapo ni kama hakuna aliyekuzuia. Kwa hiyo amua vita vyako kabla ya kujenga.

Hatua ya tatu: Machipuko shika bahari, Vuli shika pwani

Mwaka wa mchezo una zamu mbili za kutembea, Machipuko na Vuli. Umiliki wa vituo unahesabiwa baada ya Vuli tu. Ukipita kwenye kituo Machipuko na kuondoka Vuli, hukukipata. Na manowari inayomaliza Vuli katikati ya maji haijakuletea kituo kipya, labda iwe imevusha jeshi au imeunga mkono mwenzake aliyeingia pwani.

Tuchukue mwaka wa kwanza wa Uingereza, maana hapo mambo yote yanaonekana. Machipuko 1901 unaandika:

Manowari London → Bahari ya Kaskazini
Manowari Edinburgh → Bahari ya Norway
Jeshi Liverpool → Edinburgh

Kituo unachokitaka Vuli ni Norway. Angalia ulivyojipanga. Bahari zote mbili ulizoshika zinagusana na Edinburgh na zinagusana na Norway, kwa hiyo yoyote kati yao inaweza kuvusha jeshi. Vuli unaandika:

Jeshi Edinburgh → Norway
Manowari Bahari ya Norway inavusha jeshi Edinburgh → Norway
Manowari Bahari ya Kaskazini inaunga mkono jeshi Edinburgh → Norway

Urusi akileta jeshi lake kutoka St Petersburg kuingia Norway, yeye ana 1 na wewe una 2. Unaingia. Umepata kituo, na manowari zote mbili bado ziko mahali pake penye nguvu. Linganisha na kupeleka manowari ya Bahari ya Norway yenyewe ndani ya Norway: kituo ni kilekile, lakini umeondoka baharini na jeshi lako limebaki kisiwani bila kazi.

Wapo wanaopenda kupeleka jeshi la Liverpool Yorkshire badala ya Edinburgh, ili lilinde London iwapo Ufaransa ataingia kwenye Mfereji wa Uingereza. Ni hoja nzuri. Gharama yake ni kwamba Yorkshire inagusana na Bahari ya Kaskazini tu, na Bahari ya Norway haiwezi kulibeba jeshi hilo. Ukichagua Yorkshire, manowari ya Bahari ya Kaskazini imefungwa kwenye kazi ya kuvusha. Nyingine, iliyo Bahari ya Norway, ndiyo itakayounga mkono.

Mfano wa pili ni mdogo lakini naupenda sana. Ujerumani anatoka Kiel kwenda Denmark Machipuko. Urusi anatoka St Petersburg kwenda Ghuba ya Bothnia, akilenga Sweden. Vuli, Ujerumani anaandika Denmark → Sweden. Wawili wanagongana, Sweden inabaki tupu, na manowari ya Ujerumani inabaki Denmark, ambayo sasa ni kituo chake. Amemzuia Urusi na amepata kituo kwa amri moja. Urusi akiwa hakwenda Sweden, manowari inaingia huko na Ujerumani anapata Sweden badala ya Denmark, hesabu ileile. Ndiyo maana Urusi mwenye busara humwandikia Ujerumani barua nzuri kabla ya Machipuko ya kwanza.

Hatua ya nne: kuunga mkono kwenye maji

Kipimo ni kimoja: manowari inaweza kuunga mkono tendo mahali ambapo yenyewe ingeweza kwenda kwa hatua moja. Iliyo Trieste haiungi mkono Vienna wala Budapest, ingawa zinapakana. Iliyo Roma haiungi mkono Venice. Iliyo Kiel haiungi mkono Munich. Na jeshi, kwa kuwa haliwezi kwenda baharini, haliwezi kumuunga mkono yeyote aliye kwenye maji. Ukiwa na majeshi matatu yaliyoizunguka Brest, hayakusaidii lolote kuilinda manowari yako iliyo kwenye Mfereji. Katika vita vya baharini, manowari pekee ndizo zinazohesabika.

Jeshi linaweza kumuunga mkono manowari anayeingia jimbo la nchi kavu. Austria hufanya hivyo mwaka wa kwanza: manowari Trieste → Albania na jeshi Budapest → Serbia Machipuko, kisha Vuli manowari Albania → Ugiriki huku jeshi la Serbia likiunga mkono.

Pwani mbili zina nafuu moja hapa. Manowari iliyo Ghuba ya Lyon, kwa kuwa inaweza kwenda Hispania ya kusini, inaweza kumuunga mkono mwenzake anayeingia Hispania ya kaskazini, maana jimbo ni lilelile. Kinyume chake hakiwezekani: iliyo Hispania ya kaskazini haiwezi kuunga mkono Marseilles, kwa sababu yenyewe haifiki huko.

Uungaji mkono unakatika pale anayeutoa anaposhambuliwa, hata kwa nguvu ya 1, isipokuwa shambulio linatoka mahali palepale anapoelekeza msaada wake. Wewe ni Ufaransa, uko kwenye Mfereji. Uingereza anakuja kutoka Bahari ya Kaskazini akiungwa mkono na manowari ya London. Ukiishambulia London kutoka Mfereji hukukata kitu. Manowari yako nyingine ikiwa Wales na kuishambulia London, msaada umekatika na unabaki salama. Au Brest iunge mkono Mfereji, muwe 2 kwa 2.

Hatua ya tano: kuvusha jeshi

Hapa ndipo manowari inapoonyesha thamani yake kamili. Manowari iliyo baharini, si ile iliyo kwenye jimbo la pwani, inaweza kulichukua jeshi kutoka pwani moja na kulifikisha pwani nyingine kwa zamu moja. Manowari kadhaa zikipangana zinakuwa mnyororo. Ukiwa na moja kwenye Mfereji wa Uingereza, moja Atlantiki ya Kati na moja Mediterania ya Magharibi, jeshi linatoka London asubuhi na kulala Tunis. Kwa miguu lisingefika kabisa.

Masharti yake:

Kila manowari ya mnyororo iandikiwe amri inayotaja jeshi lilelile, linakotoka na linakokwenda. Herufi moja ikipishana, mnyororo umevunjika.

Manowari inayovusha inakaa. Haiwezi kwenda wala kumuunga mkono mtu. Inaweza kuungwa mkono na wengine.

Mnyororo unakatika pale tu manowari mojawapo inapong'olewa. Kushambuliwa bila kung'olewa hakudhuru, jeshi linavuka kama kawaida. Hili liweke moyoni, kwa sababu wachezaji wengi huacha kuvusha wakiogopa shambulio la nguvu ya 1 ambalo halina madhara yoyote.

Manowari ya dola nyingine inaweza kukuvushia, mkikubaliana. Nayo inaweza kukuacha ufukweni kwa kuandika amri tofauti, na hutajua mpaka amri zifunguliwe.

Kwa hiyo kabla ya kuvusha, hesabu. Kwa kila bahari ya mnyororo wako, jiulize ni manowari ngapi za adui zinazoweza kuigusa. Ikiwa ni moja, uko salama. Ikiwa ni mbili, unahitaji wa kukuunga mkono mahali hapo.

Ufunguzi maarufu wa Italia unaoitwa Lepanto, kwa jina la vita vya baharini vya 1571 dhidi ya Waothmani, umejengwa juu ya hesabu hiyo. Machipuko 1901 jeshi la Roma linakwenda Apulia na manowari ya Napoli inakwenda Bahari ya Ionia. Vuli manowari hiyo inalivusha jeshi hadi Tunis, kituo kipya, bila kuondoka Ionia. Majira ya baridi unajenga manowari nyingine Napoli. Machipuko 1902 ya kwanza inasogea Mediterania ya Mashariki na ya pili inachukua nafasi yake Ionia. Vuli zinalivusha jeshi kutoka Tunis hadi Syria, mgongoni mwa Uturuki.

Uturuki ataukataje mnyororo huo? Mediterania ya Mashariki inaguswa kutoka Ionia, Aegean, Smyrna na Syria tu. Anahitaji manowari mbili katika hizo tatu za mwisho, na mwaka wa pili mara nyingi hana. Bahari ya Ionia inaguswa kutoka mahali tisa, zikiwemo Albania na Ugiriki. Hapo ndipo Austria anapoingia. Manowari yake ya Ugiriki ikishirikiana na ya Uturuki iliyo Aegean, Ionia inang'oka na jeshi linabaki Tunis. Lepanto bila Austria ni safari ya hatari, na ramani ndiyo inayosema hivyo.

Ukishang'olewa

Manowari iliyong'olewa inakimbilia mahali tupu panapogusana nayo, kwa kanuni zilezile za ufuo. Haiwezi kwenda alikotoka aliyeing'oa, wala mahali palipoachwa patupu na mgongano wa zamu hiyo. Ikikosa pa kwenda, inavunjwa. Wawili wakikimbilia mahali pamoja, wote wanavunjwa.

Rudi Hispania. Manowari iliyo kaskazini imeng'olewa na adui aliyetoka Atlantiki ya Kati. Zimebaki Gascony na Ureno. Ukiwa na jeshi lako mwenyewe Gascony na adui yuko Ureno, umekwisha. Ingekuwa kusini ingekimbilia Mediterania, ikaendelea kupigana. Mchezaji makini huangalia njia za kukimbia kabla ya Vuli, na wakati mwingine huacha jimbo moja la nyuma tupu kwa makusudi.

Bahari za kupigania

Bahari ya Kaskazini inagusana na mahali 11, na sita kati ya hayo ni vituo: Edinburgh, London, Ubelgiji, Uholanzi, Denmark na Norway. Hakuna bahari yenye thamani kubwa kuliko hii. Uingereza akiipoteza, kisiwa chake kimefunguliwa.

Bahari Nyeusi haigusani na bahari nyingine yoyote. Imezungukwa na Ankara, Konstantinopoli, Bulgaria, Romania, Sevastopol na Armenia, na tano za kwanza ni vituo. Uturuki na Urusi wote huitamani Machipuko ya kwanza, na mara nyingi hugongana hapo. Kwa Urusi, manowari ya Sevastopol haitaiona bahari nyingine mpaka ipite Konstantinopoli. Usijenge ya pili huko kama Uturuki si adui yako wa kwanza.

Ionia tumeshaiona: anayeishika anazuia njia kati ya mashariki na magharibi ya Mediterania.

Atlantiki ya Kati ndiyo inayoamua michezo mirefu. Kutoka kusini inashambuliwa kupitia mahali manne: Mediterania ya Magharibi, Afrika Kaskazini, Hispania na Ureno. Kutoka kaskazini inaungwa mkono na matano: Atlantiki ya Kaskazini, Bahari ya Eire, Mfereji wa Uingereza, Brest na Gascony. Aliye kaskazini akiwahi kujipanga, wa kusini hapiti tena hata akiwa na vituo 16. Ukiwa Italia au Uturuki na unaona Ulaya ya mashariki inakuendea vizuri, usisubiri kummaliza wa mwisho. Tuma manowari magharibi mapema, maana kutoka Smyrna hadi Atlantiki ya Kati kwa njia fupi ni hatua tano: Mediterania ya Mashariki, Ionia, Tyrrhenian, Mediterania ya Magharibi, kisha Atlantiki. Miaka miwili na nusu, na wa kaskazini anakuona unakuja.

Majira ya baridi: ujenge nini, wapi

Unajenga kwenye vituo vyako vya nyumbani vilivyo tupu na ambavyo bado ni vyako. Kwa hiyo Ufaransa ambaye manowari yake imemaliza Vuli ikiwa Brest hana pa kujenga manowari isipokuwa Marseilles, inayotazama upande mwingine kabisa.

Kila manowari mpya inasomwa na majirani kama barua. Ikijengwa Brest, Uingereza anashtuka. Ikijengwa St Petersburg kaskazini, anashtuka zaidi. Ikijengwa Kiel au Berlin mara mbili mfululizo, hataamini maneno yako tena. Zungumza naye kabla ya kujenga, umpe sababu ambayo ramani inaweza kuithibitisha. Usimpe sababu baada ya kujenga.

Uturuki, kwa maoni yangu, ajenge Smyrna mapema. Manowari ya Ankara peke yake imefungwa Bahari Nyeusi, ya Smyrna inaona Aegean na Mediterania ya Mashariki siku ya kwanza.

Mapatano ya maji

Mfereji wa Uingereza ndio darasa la kwanza la mapatano. Uingereza na Ufaransa hukubaliana mara nyingi kuuacha mtupu. Ahadi tupu ni rahisi kuvunjwa, kwa hiyo wengine hukubaliana kugongana: London → Mfereji na Brest → Mfereji, hakuna anayeingia. Kila mmoja ana ulinzi ambao hautegemei uaminifu wa mwenzake. Gharama ni zamu moja. Ufaransa anachelewa kufika Atlantiki ya Kati, na Uingereza analazimika kuitumia manowari ya Edinburgh kushika Bahari ya Kaskazini. Nikiwa na jirani nisiyemjua, naona gharama hiyo inafaa.

Ukiomba mtu akuvushie, mwandikie amri kamili neno kwa neno, aiweke kama ilivyo. Nusu ya mapatano ya kuvusha yanayoharibika huharibika kwa kutoelewana na si kwa usaliti.

Pa kufanyia mazoezi

Mchezo huu umezoea umbali. Mwaka 1963 John Boardman wa Marekani alianzisha michezo ya kwanza kwa njia ya posta, na Calhamer mwenyewe baadaye alifanya kazi ya kupeleka barua. Leo Backstabbr na webDiplomacy zinakuwezesha kucheza bure kwenye kivinjari, na watu saba wenye WhatsApp wanaweza kucheza wakimteua mratibu wa nane apokee amri zote na kuzifungua kwa wakati mmoja.

Backstabbr ina ubao wa majaribio ambapo unaziandikia dola zote saba amri mwenyewe. Uutumie hivi. Kwanza endesha Lepanto hadi Vuli 1902, kisha rudia ukiiweka manowari ya Austria Ugiriki na ya Uturuki Aegean, uone Ionia inavyong'oka. Pili, safirisha manowari ya Urusi kutoka St Petersburg kusini hadi kaskazini, ukijaribu kila zamu kuizuia kwa manowari moja ya Uingereza. Tatu, panga manowari nne za kusini kuizunguka Atlantiki ya Kati na tano za kaskazini kuilinda, kisha ondoa ya kaskazini moja baada ya nyingine mpaka upate idadi ambayo wa kusini anapenya.